Nyuzi Nyeupe Ndani ya Mti

Chumbani walikuwamo watatu: rafiki yangu seremala, dada yake, na mama yao mgonjwa, aliyelazwa jioni hiyo kwenye kitanda kipya. Kitanda alikiunda seremala mwenyewe. Alipopasua gogo aliona nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa ndani ya mti ambao kwa nje ulionekana mzima kabisa. Mbao nyingine hakuwa nazo, na alikuwa amechoka kusimangwa kwamba hamjali mama. Akazipiga randa mbao hizohizo, asimwambie mtu.

"Leo fundi kamkumbuka mama," dada alimchokoza. "Wateja wamekukimbia?"

Mara umeme ukakatika. Gizani ikasikika sauti kama ya kucha zikikwaruza kitambaa.

"Mwanangu, acha kunikuna mgongo," mama alisema.

"Mama, mimi niko mlangoni."

"Mimi niko dirishani," dada alisema, safari hii bila utani.

Umeme uliporudi walimwinua mama, wakageuza godoro. Juu ya mbao nyuzi zilikuwa zimeota na kuchora umbo la mtu aliyelala kiubavu, mikono imenyooshwa kukumbatia.

Seremala alikivunja kitanda palepale. Mama yao alifariki kesho yake, akiwa amelala sakafuni.