Mkanda Aliouvaa Rama

Sruuup! Kisha kimya. Kisha ptu, ndani ya kopo.

Alfajiri ilikuwa bado giza, lakini Mwanne hakuhitaji taa kujua kinachoendelea upande wa pili wa pazia. Mama yake, Maulida, alikuwa amempakata mtoto Kudra, ameweka mdomo wake kwenye pua ya mtoto, anamfyonza kamasi. Kipira cha duka la dawa kinachofanya kazi hiyo kilikuwa kimepasuka, na mtoto aliyezibwa pua hanyonyi wala halali.

Mwanne alijifunika shuka mpaka utosini. 

"Mama, jamani! Huoni kinyaa?"

"Kinyaa cha nini? Mtoto anataka pumzi." Mama alisukutua maji, akatema. "Hata wewe nilikufyonza hivi hivi. Tena yako yalikuwa mazito kuliko ya huyu."

"Mama, usiniambie!"

Mama alicheka gizani. Muda si mrefu Kudra alisikika akinyonya, kwa pupa, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mwanne alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita pale Kisarawe, na mtaa mzima ulijua kwamba ana kinyaa. Uji ukishika utando juu, yeye hanywi. Nzi akitua kwenye andazi, andazi limekwisha thamani. Begi lake lilikuwa na vitambaa viwili: kimoja cha kufutia mikono, kingine cha kufutia kiti kabla hajakalia.

Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo amepangiwa dawati moja na Rama.

Rama alikuja mwanzoni mwa mwaka kutoka Mzenga, akafikia kwa shangazi yake, Bi Hajra. Alikuwa mpole, hana neno na mtu. Lakini mdomo wake ulikuwa wazi kutwa, midomo imekauka na kubabuka, na pumzi yake ilitoka kwa kelele: hoo, haa, hoo, haa. Isihaka, mcheshi wa darasa, alimpa jina siku ile ile ya kwanza. Alimwita Pampu, kama pampu ya kuvutia maji kisimani. Jina likakaa.

Kamasi lake halikuisha. Lilining'inia, likavutwa, likarudi. Na vipindi vya baada ya mapumziko, Rama alilala. Siku hiyo alilalia mkono, mate yakamtiririka taratibu, yakavuka mpaka wa dawati, yakafika kwenye atlasi ya Mwanne na kuiloanisha Afrika ya Kusini yote.

"Mwalimu!" Mwanne aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Mate! Mate yake yamenigusa!"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu Vicent aliweka chaki chini.

"Rama! Umelala tena?"

"Sikulala, mwalimu. Nilikuwa napumzika."

"Unapumzika kazi ipi? Maana kazi yenyewe sijaiona."

Watoto wakacheka zaidi. Rama alifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akainama. Mwanne alikunja pua. Hakujua, wala hakutaka kujua, kwamba Bi Hajra alikuwa ameshaapa: mwalimu akimlalamikia tena, mtoto anarudi Mzenga kuamia ndege kwenye mpunga.

* * *

Jumatatu iliyofuata walikuja wageni kutoka chuo kikuu, wakiongozwa na dada mmoja mchangamfu aliyeitwa Aneth. Wazazi walikuwa wamesharidhia. Dada Aneth aliinua mkanda laini wa kunyumbuka, wenye kifaa cheusi mfano wa kiberiti.

"Huu unavaliwa kifuani, juu ya shati. Unasoma pumzi zenu," alisema. "Akili ikibeba hesabu nzito, pumzi hubadilika. Wengine huizuia bila kujijua. Wengine hupumua haraka haraka, na jibu likipatikana wanashusha pumzi ndefu. Sisi tunataka kujua kama pumzi inaweza kutuonyesha akili ilipotumia nguvu nyingi."

"Dada, unapima nani ana akili?" Isihaka aliuliza.

"Hapana. Haupimi akili wala uvivu. Ni kama kumtazama mtu anayebeba ndoo: huwezi kujua ni tajiri au maskini, lakini unajua ndoo ni nzito."

Watoto walielewa. Lakini Isihaka hakuweza kukaa bila kutia chumvi. Aligeuka nyuma, akanong'ona: "Oya, mimi naujua huo mkanda. Ukivaa mkanda wa mtu, unapata mkanda wa jeshi."

Wengine walicheka. Mwanne hakucheka. Mwaka uliopita bibi yake aliugua mkanda wa jeshi. Mwanne aliyaona yale malengelenge yaliyozunguka ubavu wa bibi kama shanga, yakapasuka, yakatoa maji, shuka likagandana na ngozi. Harufu ile ilikuwa bado puani mwake.

Walipimwa wawili wawili, kila dawati na mkanda wake mmoja. Rama alianza. Dada Aneth alimfunga mkanda juu ya shati, akamshushia sweta, akawapa kishikwambi chenye hesabu. Kwanza Rama alikaa kimya apumzike, kisha akaanza kukokotoa. Hoo, haa, hoo, haa. Jasho lilimtoka. Alipata nyingi, tena na zile ngumu.

"Vizuri sana. Sasa mbadilishane mkanda," Dada Aneth alisema, kisha akaitwa dawati la mwisho, ambako kishikwambi kilikuwa kimezima.

Rama aliingiza mkono ndani ya sweta, akauchomoa mkanda. Ulikuwa umelowa. Utepe wake ulinata kidogo, kama jani la bamia. Katikati palikuwa na doa, na Mwanne hakutaka kujua ni doa la nini. 

"Sivai," alisema.

"Dada amesema tubadilishane."

"Nitatapika, Rama. Kweli vile." Alitazama nyuma. Dada Aneth alikuwa ameinama, ameupa mgongo upande wao. "Vaa tena wewe. Mimi nitafanya hesabu, hakuna atakayejua. Ukinivalia, sitakuita Pampu tena maishani."

Rama alimtazama usoni. Hakuna mtu darasani aliyewahi kumwomba kitu.

"Maishani?"

"Maishani."

Rama akauvaa tena.

* * *

Alhamisi Dada Aneth alirudi na kompyuta yake. Mwalimu Vicent alikuwa ofisini, na Bi Hajra, aliyeitwa kwa ajili ya usingizi wa Rama, naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi, uso umekunjamana. Mwanne na Rama waliitwa. 

"Shikamooni," walisema.

"Marahaba. Ingieni, msiogope," alisema Dada Aneth. "Nimewaita niwaombe radhi. Vipimo vyenu hatutavitumia. Mkanda wa dawati lenu umeharibika."

Aligeuza kompyuta. Palikuwa na mistari inayopanda na kushuka kama vilima.

"Huu ni wa mtoto mwingine. Akipumzika, vilima ni vipana, vimetulia. Akikokotoa, vinabanana. Sasa tazama wa Rama. Amekaa tu, hajaanza hesabu, lakini vilima vimebanana kama vya mtu anayepanda mlima wa Pugu na gunia kichwani. Ningeshtuka, ningesema mtoto huyu apelekwe hospitali. Lakini wa Mwanne nao uko vile vile! Vifua viwili haviwezi kufanana namna hii. Kwa hiyo kosa ni la mkanda."

"Basi hana ugonjwa," Bi Hajra alidakia. "Nilisema mimi. Ni uvivu. Mwalimu umenilalamikia mara ngapi? Jumamosi anarudi Mzenga kwa baba yake. Kule ndege hawamsubiri mtu alale."

"Shangazi, nitaacha kulala," Rama alisema kwa sauti ndogo.

"Umeniahidi hivyo tangu lini?"

Mwanne alimtazama Rama. Rama naye alimtazama Mwanne, mara moja tu. Kisha akafanya jambo ambalo Mwanne hakuwahi kumwona akilifanya. Alifunga mdomo. Aliubana kabisa, midomo ile iliyobabuka ikawa mstari, ili siri isitoke.

Mwanne akangoja asikie pumzi ikitoka puani. Haikutoka. Mashavu ya Rama yalivimba. Macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama. Alivumilia, akavumilia, mpaka mdomo ukafunguka wenyewe: haaa! Akahema kama aliyetolewa mtoni. Kisha, maskini, akaufunga tena.

Mwanne aliona kinyaa, kama alfajiri ile. Lakini safari hii hapakuwa na kamasi wala mate wala mkanda uliolowa. Kitu kilichomtia kinyaa kilikuwa ndani yake mwenyewe, na hakuwa na kitambaa cha kukifutia.

"Mkanda haujaharibika," alisema.

Wote wakageuka.

"Mimi sikuvaa. Niliona kinyaa. Nilimwambia Rama anivalie. Mistari yote miwili ni ya kwake." Machozi yalimtoka. "Pua yake haipitishi hewa, dada. Hata akitaka haipitishi. Mwangalieni!"

Rama aliuachia mdomo: hoo, haa, hoo, haa.

Dada Aneth alifungua mkoba, akatoa mkanda mwingine na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Aliufuta mbele yao, nje na ndani, akamvalisha Mwanne. Vilima vyake vilitoka vipana, ingawa vilitetemeka kidogo kwa kulia. Akaufuta tena, akamvalisha Rama. Vilima vikabanana.

"Kifaa hiki si cha daktari, wala mimi si daktari," alisema polepole. "Lakini mtoto huyu anatumia nguvu kupumua tu, hata kabla hajafungua daftari. Mama, usiku analalaje?"

"Anakoroma kama trekta," alisema Bi Hajra. Ukali ulikuwa umemtoka. "Saa nyingine ananyamaza kabisa, halafu anashtuka, anahema. Mimi nilidhani ni shibe."

Mwalimu Vicent alivua miwani. "Nami nilimuuliza anapumzika kazi ipi," alisema. "Kumbe kazi ilikuwa kupumua. Nisamehe, Rama."

* * *

Jumamosi Rama hakwenda Mzenga. Alikwenda hospitali ya mkoa, Kibaha, na shangazi yake alimshika mkono njia nzima. Daktari wa masikio, pua na koo alimmulika, akaona nyama za puani zimekua mpaka zimeziba njia ya hewa. Alipangiwa upasuaji, akafanyiwa salama.

Aliporuhusiwa na kupata nguvu, Mama Mwanne alimfunga Kudra mgongoni, akabeba chupa ya uji, wakaenda kumwona. 

"Mama," Mwanne alisema njiani, "kuona kinyaa ni dhambi?"

"Hapana, mwanangu. Kinyaa ni mlinzi. Kinatukataza kula kilichooza na kugusa kilicho kichafu. Mkanda ulikuwa umelowa jasho la mtu. Ulikuwa na haki ya kusema, dada, naomba ufutwe kwanza. Hata Dada Aneth amekiri ilimpasa aufute. Na mkanda wa jeshi hautokani na mkanda wa nguo, ungeuliza, ungeambiwa. Neno moja tu la kweli." Mama alimweka Kudra sawa mgongoni. "Lakini wewe ulificha. Kinyaa kikikufikisha kwenye uongo, kimeacha kukulinda. Chenyewe ndicho uchafu. Na kikikufanya umwone mtu ni kamasi tu, hutaona kwamba anatafuta pumzi. Mimi alfajiri ile sikuona kamasi. Nilimwona Kudra."

 Mwanne alimpokea mama yake chupa ya uji.

Walimkuta Rama kwenye mkeka barazani. Walikuwa wamemzoea na kelele zake, kwa hiyo kimya chake kiliwashangaza. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Umefungwa kabisa, na kifua kilipanda na kushuka polepole, bila sauti.

"Habari za kupona, baba?" Mama aliuliza.

"Shikamoo mama. Nzuri."

Mwanne alivua viatu, akakaa mkekani karibu naye, bila kufuta kwanza. Alimmiminia uji. Ulipoanza kupoa, utando ulishika juu. Akautoa kwa kijiko, akasita, akaula mwenyewe. Uso ulimkunjamana, lakini ukapita.

Rama alipokea kikombe. Alikileta karibu na uso, akavuta hewa kwa pua. Alisita. Akavuta tena, macho yakimtoka kwa mshangao.

"Tangawizi!" alisema. Akanusa mkono wake, akanusa mkeka, akanusa upepo uliotoka jikoni kwa Bi Hajra. Kila kitu kilikuwa kipya. Halafu akainama upande wa Mwanne, akanusa kwa makini, akakunja pua.

"Mwanne, soksi zako zinanuka."