Bakteria wa Tumboni Nao Wanataka Kula

Kila asubuhi kinyozi alijifungia chooni. Na kila asubuhi mkewe, fundi wa kushona, alisimama mlangoni na taulo begani, akikuna kichwa kwa hasira.

"Baba watoto, umehamia humo?"

"Niache, mama! Hakitoki!"

Mkewe alishachoka naye. Mwanaume huyu alikula mkate mweupe na nyama, basi. Mboga aliziita majani ya mbuzi. Tumbo likifunga, alimeza vidonge vya kulainisha choo.

Siku hiyo alitoka jasho likimtiririka. Akanong'ona kwamba ameona damu.

"Vaa viatu," mkewe alisema. "Twende zahanati."

Nesi alimchunguza. "Umechubuka kwa kujikamua. Ukiona damu tena, njoo haraka. Haya, unakula nini?"

Mkewe alijibu kabla yake. Nesi akatikisa kichwa.

"Kaka, ndani ya utumbo wako mkubwa wanaishi bakteria wazuri, wengi ajabu. Maharage, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa vina nyuzinyuzi. Sisi hatuwezi kuzisaga. Bakteria wanazila, kisha wanatengeneza asidi ndogo za mafuta. Asidi hizo zinalisha ukuta wa utumbo na kuuimarisha. Pia zinausaidia utumbo kusukuma choo."

"Kumbe nafuga!"

"Unafuga, na huwalishi," mkewe alisema.

"Anza kidogo kidogo," nesi alionya. "Na unywe maji ya kutosha."

Kesho yake mchana, kinyozi alimaliza peke yake sufuria nzima ya maharage. Baadaye, akiwa kwenye kibanda chake cha kunyolea, tumbo likavimba kama mpira. Likanguruma mpaka wateja wakageuka.

"Nesi wako ataniua!" alimlalamikia mkewe jioni.

"Alisema kidogo kidogo! Masikio uliyaacha wapi?"

Akaanza upya. Kijiko cha maharage leo, mboga kidogo kesho, maji kila mara. Wiki zikapita. Choo kikawa laini, damu haikuonekana tena, na vidonge akaviacha.

Mkewe alidhani sasa atapumzika. Wapi! Mumewe aligeuka mhubiri wa utumbo.

Mchana mmoja mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikimbilia kwenye chumba cha kushonea cha fundi, mlango wa pili.

"Shemeji, mwambie mumeo anyamaze! Nimekuja kunyoa, ananiuliza choo changu kikoje!"

Fundi alishusha pumzi ndefu. Akaweka mkasi mezani.

"Haya," alisema, "na kikoje?"