Salamu kwa Mama Rufina

Ijumaa, saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma kilinuka mafuta ya kukaangia. Dairo aliuziba mlango kwa kiti, akawageukia wenzake wawili, Osmaira na Nafer.

"Sikilizeni, mimi sirudii. Jumapili mapicó yote ya Cartagena yanapiga. Sisi tutapiga nini? Santuri za babu?"

Picó la Dairo, disko lake la mtaani liitwalo El Tuerto, lilikuwa ukuta wa spika uliochorwa mamba mwenye jicho moja. Lilikuwa halijapata wimbo wa peke yake, ambao mapicó mengine hayana, tangu mwaka jana, na pale mtaani Olaya picó la namna hiyo watu hulipita tu, kama vile limezimwa.

Wimbo wenyewe ulikuwapo. Kampuni ya Bi Betsabé ilikuwa imenunua haki zote, na Osmaira alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiusafisha sauti. Kuutoa mle ndani ndiyo ilikuwa shughuli. Matundu ya flashi yalizibwa kwa gundi. Intaneti, hakuna. Simu zinabaki getini. Na mkataba ulisema wazi: atakayenakili, polisi.

"Joto likipanda mchana, umeme unakatika," alisema Dairo. "Kompyuta zina betri. Kamera ya ulinzi haina. Osmaira anachomeka waya kwenye tundu la hedifoni, kinasa kinameza wimbo, kwisha. Swali?"

"Likibumburuka ninaozea jela mimi, siyo wewe," alisema Osmaira.

"Halibumburuki. Nani atajua umetoka kwa nani? Mko wangapi mle?"

Nafer, mdogo wake Osmaira, fundi mitambo wa El Tuerto, alikuwa akikunja nyaya. Akainua kichwa.

"Dada, na ile salamu ya mama imo?"

Wiki iliyopita Bi Betsabé aliwakusanya wafanyakazi wake, akawaambia kila mmoja ataje mtu ampendaye, na mwimbaji atamsalimia ndani ya wimbo. Zawadi ya sikukuu, alisema. Kusalimiwa ndani ya wimbo si jambo dogo Cartagena. Watu huuza kitanda wasalimiwe. Osmaira alimtaja mama yao, Rufina, aliyefariki mwezi Machi. Siku ya mazishi Nafer alikuwa amekwama Maracaibo, nchi jirani. Alifika kaburi limeshaota majani, na hakuwahi kulizungumzia.

"Sijui, mdogo wangu. Bado sijafika mwisho."

Saa sita mchana.

Umeme ulikatika. Feni zikasimama, mtu akatukana, taa nyekundu ya kamera ikazimika.

Osmaira alifunua sufuria yake ya chakula. Wali wa nazi juu, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, kinasa sauti. Waya wenye vichwa viwili: kimoja kwa masikio yake, kimoja kwa kinasa. Akabonyeza.

Ngoma. Gitaa. Umeme ukirudi sasa, amekwisha. Akainama kama anayekula. Gitaa tena. Kisha, kuelekea mwisho, sauti ya mwimbaji ikaja karibu kabisa: "Salamu kwa Mama Rufina, malkia wa Olaya, cheza mama, cheza!"

Machozi yalimtoka kabla hajajizuia. Akachomoa waya, akakizika kinasa, akakifukia kwa wali. Taa nyekundu ikawaka.

"Na wewe umelia?" Yarima, jirani yake wa meza, alicheka. "Mimi nimelia kama mtoto. Amemsalimia baba yangu, eti nahodha wa Bocagrande! Baba hata kuogelea hajui."

"Kabla ya mama yangu au baada?"

"Mama yako? Hakuna mama yako, shoga. Ni baba tu, kisha wimbo unakwisha."

Osmaira aliutazama uso wa Yarima. Haukuwa na utani. Akageukia nyuma, kwa Heriberto.

"Kwako kasalimiwa nani?"

"Mke wangu. Peke yake."

Kila mtu na nakala yake, kila nakala na jina lake. Wimbo ukisikika popote mjini, Bi Betsabé hahitaji mpelelezi. Atasikiliza salamu tu. Na majina walikuwa wamempa wenyewe, wakimshukuru. Mwanamke yule alikuwa hatari, na Osmaira alimchukia kwa moyo wake wote.

Saa kumi na moja jioni.

Getini alikaa Mzee Eustorgio, mlinzi. Alipekua mifuko, na katika kila sufuria alichota kijiko chake. Ushuru, aliuita.

"Leo hukula, binti?"

"Tumbo, Mzee."

Kijiko kikazama. Kikagonga kitu kigumu.

"Ukoko!" Macho ya mzee yaling'aa. "Huo ndio wangu."

"Umeungua, Mzee. Mkaa mtupu. Jumatatu nitakuletea mzuri."

Mzee alimtazama. Akalamba kijiko. Akafungua geti.

Osmaira alikwenda moja kwa moja hadi kile chumba cha nyuma, kwa Dairo na Nafer.

"Salamu ikatwe," alisema. "Kila nakala ina salamu ya kwake. Ikisikika, mimi sina maisha. Umenielewa, Dairo?"

"Kata," Dairo alimwambia Nafer. "Salamu ya mtu mmoja hainihusu. Mimi nataka ngoma."

Nafer alichukua kinasa kwa mikono miwili. "Nitakata, dada."

"Niapie."

"Naapa."

Jumapili, saa kumi jioni.

Barabara yote ilijaa. Spika zilitikisa mabati. Dairo alishika kipaza sauti akapiga kelele kwamba hakuna mwingine mwenye huu, hakuna, na wimbo ukaanguka juu ya watu. Olaya ikalipuka.

Osmaira alisimama kando ya mitambo, akihesabu mapigo kuelekea mwisho. Sasa. Sasa unakatika.

"Salamu kwa Mama Rufina, malkia wa Olaya!"

Mtaa mzima ukainua mikono. Wanawake waliowahi kucheza na Rufina waliliita jina lake wakilia. Osmaira alimgeukia mdogo wake. Nafer alikuwa ameegemea spika, uso umelowa.

"Nilitaka kukata," alisema. "Nikamsikia, dada. Sikumzika mama yangu. Ningemkataje?"

Osmaira alitaka kumpiga kofi. Mkono ulikwenda wenyewe ukamshika shingo, akamvuta kifuani. Nyuma yao Dairo alikuwa ameshaelewa kwamba polisi watakuja. Aliruka ukuta wa jirani bila hata kuaga.

Katikati ya wachezaji, mtu mmoja hakucheza. Mzee Eustorgio, na fulana yake ya Jumapili, simu mkononi. Alisogea taratibu hadi mbele ya Osmaira.

"Kumbe ndio ukoko wenyewe," alisema.

"Mzee, nakuomba."

"Getini nilikuwa mimi, binti. Nisiposema, kesho wataniuliza mimi. Nina wajukuu." Aliitazama simu yake. "Mama yako nilicheza naye, enzi hizo."

"Basi acha wimbo uishe."

Mzee alivua kofia. Wakasimama watatu hapo, wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee akampigia simu Bi Betsabé.