Mbavu za Pikipiki ya Mjomba

Kila jioni, akishatoka shule na kuteka maji, Zuena alikuwa na kazi moja iliyomchosha kuliko zote: kusafisha injini ya pikipiki ya mjomba wake. Mjomba Yunusi alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kudunga sindano katika zahanati ya Nachingwea. Pikipiki ile kuukuu ya jeshi, iliyobaki baada ya vita, ndiyo iliyompeleka vijijini kwa wagonjwa. Wazungu waliokuja kulima mashamba makubwa ya karanga walikuwa wameshafunga virago na trekta zao zilikuwa zinaota kutu, lakini pikipiki ya dresa ilikuwa bado inanguruma.

"Injini hii haipozwi kwa maji kama ya lori," mjomba alimweleza siku ya kwanza. "Inapozwa na upepo. Unaziona hizi mbavu?" Alimwonyesha vibati vyembamba vilivyoizunguka injini, kimoja juu ya kingine. "Upepo hupita katikati yake ukaondoka na moto. Vumbi likichanganyika na oili likaziba humo, upepo utapita wapi? Chokonoa mpaka ndani, hasa kwa nyuma."

Mwanzoni Zuena alichokonoa kweli kweli, kwa kijiti na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ulipoingia mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, joto lilizidi na wenzake wakawa wanacheza rede uwanjani.

"We Zuena, umeajiriwa na pikipiki?" Mwamina alikuwa akimtania, na wengine wakacheka.

Basi Zuena akaanza kupangusa mbavu za mbele tu, zile zinazoonekana. Alizing'arisha, halafu akakimbilia mchezoni. Mjomba akiuliza, alijibu bila kupepesa macho, "Tayari, mjomba." Naye mjomba aliamini, maana uongo wa mtoto uliyemlea mwenyewe hauna harufu.

Asubuhi moja aliwasili Kaimu, jirani wa mama yake Zuena kule Ruangwa, juu ya baiskeli, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, dresa. Saadi hajiwezi," alisema akihema. "Homa kali, shingo imekakamaa, mwanga hautaki. Zahanati ya kule dawa imekwisha. Dada yako anasema uje, na Zuena umlete amsaidie."

Saadi alikuwa mdogo wake Zuena, kitinda mimba wa mama yao.

"Hiyo ni homa ya uti wa mgongo," mjomba alisema, uso umembadilika. "Ugonjwa huo haungoji mtu."

Desturi ya mjomba ilikuwa kuondoka alfajiri na kupumzisha pikipiki kivulini jua likikaza. Siku hiyo haikuwezekana. Alipokwisha kupata dawa na petroli, jua lilikuwa limeshapanda. Akafunga sanduku la dawa nyuma, akampakia Zuena, wakashika njia ya Ruangwa.

Upepo wenyewe ulikuwa wa moto. Walipofika kwenye mchanga wa kijito kilichokauka, pikipiki ikaanza kugonga ndani na kupoteza nguvu. Harufu ya oili iliyoungua ikapanda, na injini ikazimika. Mjomba alikanyaga kikanyagio cha kuwashia, lakini hakikushuka hata kidogo.

Zuena alichukua kibuyu cha maji mbiombio.

"Acha!" mjomba alimzuia. "Chungu kilichotoka motoni ukikimwagia maji baridi kinabaki kizima? Hata chuma hupasuka." Alijaribu kuchungulia injini, lakini moto wake ulimrudisha. Aliona tu zile mbavu za mbele zinavyong'aa. "Zuena, mbavu ulizisafisha zote? Mpaka nyuma?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Zuena aliuona, akaufunga mwenyewe.

"Ndiyo, mjomba. Zote."

Mjomba alipumua kwa uzito. "Zingekuwa zimeziba, tungengoja ipoe, tukazisafisha, tukaenda. Lakini kama mbavu ni safi na bado injini imekwama, basi kimevunjika kitu ndani. Hatuna budi kutembea."

Akajitwika sanduku la dawa, wakaondoka. Njia ilikuwa tupu, miti imepukutisha majani, hakuna kivuli wala gari. Kila hatua Zuena alikuwa akijiambia kuwa atasema, na kila hatua aliahirisha kwa aibu. Hakuogopa fimbo, kwani mjomba hakuwa mtu wa fimbo. Aliogopa kuonwa mwongo. Pikipiki ilikuwa imepotea machoni zamani aliposikia mjomba akijisemea, "Kwa miguu tutafika kesho. Ee Mungu, mtoto atafika kesho?"

Zuena alikaa chini barabarani akalia.

"Mjomba, sikusafisha! Nilipangusa mbele tu. Nyuma kumeziba. Siku nyingi."

Mjomba aligeuka na kuanza kurudi walikotoka, haraka, karibu anakimbia, naye Zuena akafuata nyuma. Afadhali angemchapa.

Walipofika, injini ilikuwa imepoa. Waliinama wote wawili wakachokonoa kwa vijiti, na tope kavu la vumbi na oili likadondoka mabonge kwa mabonge. Mjomba aliongeza oili akakanyaga. Kikanyagio kilishuka. Pikipiki iliwaka kwa shida, wakaenda taratibu, wakiipumzisha njiani mara kwa mara. Adhana ya magharibi iliwakuta wakiingia Ruangwa.

Saadi alikuwa hajui aliye mbele yake. Mjomba alimdunga sindano usiku huo na siku zilizofuata, hakutoka kando ya kitanda. Hatimaye homa ilishuka. Saadi alifumbua macho akaomba uji, na mama akalia kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata Saadi alikuwa ameketi kwenye mkeka nje, mgongo ameupa mlango. Zuena alimwita. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Saadi aliendelea kuchezea vijiwe.

Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Zuena alimkimbilia mjomba, aliyekuwa amesimama akiyaona yote.

"Mjomba, ni mimi? Ni kwa sababu tulichelewa?"

Mjomba Yunusi alichuchumaa mbele yake. Hakutaka kumdanganya.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Maradhi haya huweza kuharibu masikio hata dawa ikiwahi. Kazi ya kuonekana kwa mbele si kazi, na hilo umeshaliona. Lakini mtu kuzembea hutokea, hata mimi nimewahi kuzembea. Kosa kubwa lilikuwa pale mchangani. Nilikuuliza, ukaniambia zote. Ungesema kweli pale pale, pengine Saadi angekuwa hivi hivi alivyo leo. Ila wewe usingekuwa na swali hilo la kuniuliza."

Zuena alikwenda akaketi mbele ya mdogo wake, mahali anapoweza kumwona, akamshika mkono.