Karibu ya Pili

Ndugu zangu wa Mlabani, na ninyi wa Kivukoni mnaotuletea samaki, jambo ninalotaka kuwaeleza mnalijua nusu. Nusu ya pili mmeijaza wenyewe kwa maneno ya sokoni. Mimi ndiye niliyeisoma ile barua kwa sauti nyumbani kwa Mzee Hermenegildi, na kijana anayehusika nilimfundisha darasani miaka minne. Kwa hiyo nisikilizeni.

Mwaka 1955, baada ya mavuno ya mpunga, nyumba ya Hermenegildi ilikuwa imetulia. Ghala lilikuwa limejaa, na mkewe, Mama Emerensiana, alikuwa amepika wali mpya kwa kambale wa kukausha. Nami nilikuwapo, kwa sababu harufu ya wali mpya mwalimu huisikia kutoka mbali. Tukiwa mkekani akapita Kelestini, mtoto wa jirani yao Tekla. Huyu alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kilichoko ng'ambo ya Ziwa, na alikuwa wa kwanza kutoka mtaani kwetu kufika huko. Akija likizo, hata mbwa walijua.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu chakula, Kelestini," alisema Mama Emerensiana.

"Nimeshiba, mama. Nimetoka kula sasa hivi."

"Karibu, baba. Wali mpya haukataliwi."

Akanawa mikono, akala, na alikula kama mtu ambaye hajala tangu jana.

Aliyelelewa katika bonde letu la Kilombero haambiwi kanuni hiyo. Karibu ya kwanza ni ya mdomo tu, nayo hujibiwa "nimeshiba" hata kama tumbo linanguruma. Karibu ya pili ndiyo yenyewe. Anayenawa kwa karibu ya kwanza huitwa mlafi, na jina hilo humfuata mpaka kanisani. Watoto shuleni niliwafundisha hivyo mimi mwenyewe, kwa fimbo inapobidi, wala sikuona kosa.

Fridolin, mwana pekee wa nyumba ile, alikuwa ameketi upande wa mlangoni. Wiki hiyo alikuwa amepata habari kwamba naye amechaguliwa kwenda chuo hicho hicho. Alitaka kuwa daktari. Wazee wa mtaa walikuwa wamekwisha kuanza kumwekea magonjwa yao akiba.

"Kelestini," alisema Hermenegildi, "mdogo wako huyu namweka mikononi mwako. Huko mimi sikujui. Wewe umekwisha pita."

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Kule mimi ni mwenyeji."

Basi Fridolin akapanda lori mpaka Kilosa, akapanda gari moshi mpaka Mwanza, akavuka Ziwa kwa meli. Zilikuja barua mbili za kusema yu salama. Halafu, kabla mwaka haujatimia, akaja yeye mwenyewe na sanduku lake, na barua ya chuo mfukoni.

Niliitwa niifasiri. Ilikuwa fupi. Ilisema kijana ameshindwa mitihani mara mbili, kwamba tangu mwanzo hakuonyesha hamu ya masomo, na kwamba nafasi yake amepewa mwingine.

"Rudia hapo pa hamu," alisema Hermenegildi.

Nikarudia.

"Huyo ni Fridolin yupi? Wangu mimi alikuwa akisoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi."

Kuanzia Jumapili hiyo Hermenegildi, ambaye miaka yote alikaa benchi la mbele kanisani, alihamia la mwisho karibu na mlango, awahi kutoka kabla watu hawajamwamkia. Mama Emerensiana alianza kumtuma binti mdogo wa Tekla sokoni, maana sokoni kulikuwa na kesi, na mwanawe alikwisha kuhukumiwa. Wengine walisema ni pombe ya Uganda. Wengine walisema ni wanawake. Mnajijua mliosema.

Baada ya kama wiki mbili nilimkuta Fridolin nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mambo yalikushinda wapi?"

"Hesabu, mwalimu. Wiki ya pili tu. Wenzangu wote walikuwa wakiandika, mimi sikujua wanaandika nini."

"Hukuuliza?"

"Mwalimu wetu, Mzungu mmoja mpole, aliniona. Akaniambia, usipoelewa njoo ofisini kwangu."

"Ukaenda?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama amewahi kumtukana askofu. "Hapana, mwalimu. Alisema mara moja tu. Nilimngoja aseme tena."

"Na Kelestini?"

"Siku ya kwanza alinipokea, akanionyesha kitanda, akaniambia karibu chumbani kwangu. Nikamwambia ahsante, sina shida. Baada ya hapo tulikuwa tunapishana njiani. Mimi shikamoo kaka, yeye marahaba, basi."

Nilirudi nyumbani sijisikii vizuri. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Adabu iliyomfunga mdomo yule kijana niliifunga mimi mwenyewe, na fundo nililikaza vizuri. Kesho yake nilimweleza Mama Emerensiana yote niliyoyasikia.

Likizo ilipofika Kelestini alikuja kusalimu, kama desturi. Safari hii alivaa viatu viwili vinavyong'aa na uso usiong'aa. Sisi tulikuwa mkekani, Hermenegildi, mkewe, Fridolin na mimi.

"Karibu chakula, Kelestini," alisema Mama Emerensiana.

"Nimeshiba, mama."

Mama Emerensiana akachukua tonge, akala. Akachukua jingine. Akamsogezea mumewe bakuli la mchuzi. Kelestini alisimama, akaketi pembeni kwenye kigoda, akakunja mikono, akangoja. Tulikula mpaka wali ukafika nusu ya sinia, na mimi nawaambieni, sijawahi kula chakula kigumu kama kile.

Mwishowe Kelestini akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Nilikukaribisha, ukasema umeshiba."

"Lakini mama…"

"Mwanangu ulimkaribisha mara ngapi?"

Kelestini akainamisha kichwa. "Mara moja."

"Na hapa kwetu mara moja ni nini?"

"Si kitu, mama."

Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Mwaka wake wa kwanza Kelestini naye alishindwa hesabu. Naye aliambiwa aende ofisini, naye alingoja aitwe tena. Aliyemwokoa ni mwanafunzi mmoja wa kutoka Bukoba, aliyemshika mkono akamburuta mpaka mlangoni kwa mwalimu, akabisha yeye, akamsukuma ndani. Habari hiyo hakuisimulia huku hata siku moja, kwa kuwa alikuta tumekwisha kumfanya shujaa.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Fridolin. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile.

"Nilijua. Nilikuona namna unavyotoka darasani… nilijua. Niliona aibu kukuambia kwamba nami nilikuwa hivyo."

"Tukivuka majaruba ya mpunga wakati wa maji," alisema Mama Emerensiana, "wa mbele akitumbukia shimoni hufanyaje?"

"Hupiga kelele, mama. Husema shimo, ili wa nyuma wapite kando."

"Hata kama kalowa mpaka kiunoni na watu wanamcheka?"

"Hata kama wanamcheka."

Alilia, na Hermenegildi akamwacha alie. Kisha Mama Emerensiana akasogeza sinia, akasema, "Karibu chakula, Kelestini." Akanawa. Kama alikula kwa raha sijui, lakini alikula.

Mimi na Kelestini tuliandika barua kwenda chuoni kueleza. Walijibu kwa heshima kwamba wanasikitika, nafasi haipo. Fridolin leo ni karani wa pantoni hapo Kivukoni, anaandika malori yanayovuka. Ni kazi njema, na mwandiko wake hauna mfano. Lakini yeye alitaka kuwa daktari, na wale wazee magonjwa yao wanayo bado.

Mwaka 1957 Donati, mwana wa Balbina, naye aliitwa chuoni. Kabla hajaondoka Fridolin alikwenda kwao, akamsimulia yote, pamoja na yale ya kumwaibisha. Kesho yake akaenda tena, akamsimulia upya. Kule chuoni Kelestini, aliyekuwa anamaliza, aliwakusanya vijana wa Ulanga na Kilombero, wakapatana kwamba kila mgeni atakuwa na mwenzake mmoja wa mwaka wa juu. Tena mwenyeji ndiye atakayebisha mlango wa mgeni, wala hatangoja kubishiwa.

Siku Fridolin alipopata barua ya Donati nilikuwa nangoja pantoni. Ilisema, "Kaka, nimefaulu. Kaka Kelestini alinibishia mlango mpaka nikamchukia." Fridolin aliisoma akicheka. Aliniambia amefurahi, nami nilimwamini. Kisha akanipa mgongo kidogo, akaandika lori lililofuata.

MAFUNZO

Wazazi, mkimkabidhi mtoto kwa mwenyeji, muulizeni mwenyeji aliangukia wapi, msimuulize tu alifaulu vipi. Na sisi walimu, tukiwafundisha watoto kunyamaza mbele ya wakubwa, tuwafundishe pia kwamba ziko nyumba ambamo karibu husemwa mara moja, na mgeni hana budi kunawa.

Lakini neno langu kubwa ni kwako wewe uliyetangulia. Hujamaliza kuvuka kwa sababu tu umefika pakavu. Geuka nyuma upige kelele, nguo zikiwa bado zimelowa. Ukingoja zikauke ili usichekwe, atazama mtoto wa jirani yako, na mama yake atakukaribisha chakula mara moja.