Unga Uliofungiwa Kabatini

Kila asubuhi hapa Lunzu huwa nafagia, napika uji, kisha naingia bandani. Mwaka ule nilikuwa na kuku wa nyama mia moja, wa harusi ya binti yetu Tiyamike. Kwetu harusi isiyo na kuku ni aibu, na aibu hiyo humfuata bibi harusi mpaka ukweni.

Vifaranga walipofika, mtaalamu wa mifugo, Bi Zione, alituletea pakiti ya unga mweupe.

"Changanyeni kwenye chakula kuanzia leo, kila siku, kwa kipimo hiki," alisema.

Mume wangu akaufungia kabatini.

"Dawa hapewi mzima," aliniambia. "Wewe unameza vidonge ukiwa huumwi?"

"Lakini Bi Zione kasema..."

"Bi Zione hana hata jogoo! Nyamaza, mama Tiyamike."

Nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Wiki ya nne kuku wakaanza kuharisha. Maranda tuliyowatandikia bandani yakalowa. Hapo ndipo mume wangu akalikumbuka kabati. Akamwaga pakiti nzima kwenye chakula cha siku moja, na kuku wakaharisha zaidi. Tulipomwita Bi Zione, tulikuwa tumeshafukia sitini na saba.

"Ule unga mlianza kuwapa lini?" aliuliza.

"Juzi. Dawa yako haifai," alisema mume wangu.

"Baba, nani kakwambia ni dawa? Ni chakula."

"Cha kuku?"

"Cha vijidudu wema walio kwenye utumbo wa kuku. Kuku mwenyewe hawezi kuumeng'enya. Wema wakila, wanaongezeka na kuwabana wabaya. Ndiyo maana unaanza siku ya kwanza. Ukizidisha, kuku wanaharisha. Na kuku akishaugua, unga hauponyi. Niite siku hiyohiyo!"

Kuku waliobaki waliwekwa kwenye matibabu, na kuku aliye kwenye matibabu haliwi.

Harusini tulipakua nsima, ugali wetu, na maharage. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tumeshiba," alisema shangazi wa bwana harusi kwa sauti. "Tulidhani tumekuja msibani."

Kundi lililofuata tuliwapa unga tangu siku ya kwanza, kwa kipimo. Maji yalikuwa safi, maranda makavu. Kati ya vifaranga mia, walifika sokoni tisini na saba, wazito kweli.

"Unaona?" alisema mume wangu, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Nilichagua wawili wanono nikampelekea Tiyamike kwake. Wifi yake alinipokea mlangoni, akawatazama kuku, akacheka. Kisha akageukia jikoni.

"Maharage!" aliita. "Mama yako kaja!"

"Abee," binti yangu akaitika.