Ripoti ya Mashine Zilizozimika

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi wa kompyuta, wakati huo akiwa na kiburi cha kula na kubakiza.

Ofisini kwao kompyuta hufanya kazi zenyewe kwa ratiba, na kila asubuhi dada mmoja alinakili historia ya kazi hizo kwenye jedwali la Excel. Fundi akamcheka mbele za watu.

"Dada, hata kasuku angefundishwa kazi hiyo."

Akaandika skripti, programu fupi ya kulijaza jedwali hilo la ripoti bila mkono wa mtu. Dada wa watu akaachishwa kazi, naye fundi akatembea kifua mbele, kama jogoo anayedhani jua huchomoza kwa amri yake.

Mchana mmoja umeme ukakatika. Akashuka kwenye chumba cha kompyuta hizo, chini ya jengo, kisicho na dirisha, akimulika kwa simu. Mashine zote zilikuwa zimezimika na feni ziko kimya. Mara bosi akapiga kutoka nyumbani, ripoti ikiwa wazi kwenye kompyuta yake.

"Ripoti yako inaongeza mistari sasa hivi. Umewasha nini?"

"Sijawasha kitu, bosi. Huku kumekufa."

"Sasa nani anaandika?"

Fundi akakata simu, akasonya. "Mjinga, hata kusoma jedwali hajui." Akaitia simu mfukoni, giza likamfunika.

Ndipo aliposikia vitufe vikibonyezwa karibu naye, taratibu, na chumba kile hakikuwa na kibodi hata moja. Akabana pumzi asikilize vizuri. Vitufe vikanyamaza. Akapumua, kikabonyezwa kimoja. Akapumua tena, kikabonyezwa kingine, kana kwamba sasa ni pumzi zake zinazonakiliwa kwenye ripoti.